Lesoni ya 8: Nguvu za Mkopo

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Lesoni ya Juma Hili: 1 Wafalme 19:1–8, Ayubu 13:7, Mithali 4:23, Mithali 14:12, Danieli 1:8–20, Habakuki 2:15, Marko 5:1–20, Warumi 12:1, 2.

Fungu la Kukariri: 1 Wakorintho 6:19, 20. Lisome kwa sauti katika Biblia yako kila asubuhi ya juma hili.

Alikua mbele ya macho yetu. Alikuwa Mtafuta Njia hodari, akijua kufunga mafundo yote ya kamba, na fungu la kukariri alilisema bila kukosea neno. Alipomaliza kidato cha nne alipata kazi ya utingo kwenye lori la mizigo. Safari zilikuwa za usiku. Tajiri alitaka mzigo ufike alfajiri, na dereva alijua njia moja tu ya kukesha: kifurushi cha mirungi kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Mwezi wa kwanza kijana alikataa. Mwezi wa pili alitafuna kidogo. Baada ya mwaka mmoja na nusu alikuwa akikaa siku mbili bila kulala, kisha analala siku nzima asiamke hata kwa chakula. Ndipo alipoanza kusema kwamba mama yake anamtilia sumu.

Jambo lake likaletwa mbele ya kanisa. Siku ile mimi nilikuwa mzee wa kanisa, na ndiye niliyesoma pendekezo. Tulipiga kura, tukamwondoa katika ushirika, tukaimba, tukaenda nyumbani. Tulijua alichotafuna. Lakini hakuna hata mmoja wetu, nikiwamo mimi, aliyekuwa amewahi kumwuliza analala saa ngapi.

Juma hili tutajifunza jinsi vichangamshi vinavyoudhuru ubongo, kwa nini watu wanavikimbilia, na jinsi nyumba zetu na makanisa yetu yanavyoweza kuwa kinga. Tutaona kwamba kichangamshi hakimpi mtu nguvu hata kidogo. Kinamkopesha nguvu zake mwenyewe za kesho, na rehani yake ni akili ile ile anayoihitaji ili amsikie Mungu.

JUMAPILI
Hekalu la Kilo Moja na Nusu

Soma Mithali 4:23 na 1 Wakorintho 6:19, 20. Mwenye hekima aliposema juu ya moyo, alimaanisha sehemu gani ya mtu? Kwa nini anataka ilindwe kuliko vitu vingine vyote?

Katika Maandiko, moyo ni mahali mtu anapofikiri, anapotamani na anapoamua. Leo tunajua kwamba kazi hizo hufanyika katika ubongo. Ubongo wa mtu mzima una uzito usiofika kilo moja na nusu, yaani kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili wote. Ndani yake mna chembe za neva zipatazo bilioni 86. Chembe hizi hazigusani. Kati ya moja na nyingine pana upenyo mdogo sana, na habari huvuka upenyo huo kwa kubebwa na kemikali maalumu.

Mojawapo ya kemikali hizo ni dopamini. Mtu mwenye njaa anapoonja chakula, mtoto anapomwona mama yake akirudi kutoka sokoni, mwanafunzi anapofaulu hesabu iliyomsumbua, dopamini humwagwa kwenye upenyo ule kwa kiasi. Ubongo hupata ujumbe: jambo hili ni jema, likumbuke, lifanye tena. Kisha dopamini hukusanywa na kurudishwa ghalani ingojee kazi nyingine. Fikiri juu ya mashemasi wanaopitisha vyombo vya sadaka na kuvirudisha vyote mahali pake. Kila kitu kina wakati wake na kipimo chake.

Kokeini huwazuia mashemasi hao wasikusanye. Dopamini inabaki kwenye upenyo ikizidi kulundikana. Methamfetamini huenda mbali zaidi: huingia ghalani na kuisukuma dopamini itoke nje kwa wingi. Kathinoni, kemikali iliyo katika majani mabichi ya mirungi, au miraa kama wasemavyo Kenya, ni ndugu wa karibu wa amfetamini na hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi.

Mwaka 1954, huko Montreal, Kanada, watafiti James Olds na Peter Milner waliweka nyaya nyembamba katika ubongo wa panya. Panya aliweza kubonyeza kijiti na kuichochea sehemu fulani ya ubongo wake mwenyewe. Walibonyeza bila kuchoka. Katika majaribio yaliyofuata, baadhi ya panya waliacha hata chakula kwa ajili ya kijiti hicho. Mungu aliiweka njia hii ya furaha ili ituongoze kwenye chakula, upendo na kazi. Kichangamshi huifikia furaha kwa mlango wa nyuma, bila chakula, bila upendo na bila kazi.

Mungu alikusudia furaha ije baada ya nini katika maisha yako? Ni mambo gani unayoyatumia kuipata kwa njia ya mkato?

JUMATATU
Eliya Chini ya Mretemu

Soma 1 Wafalme 19:1–8. Eliya alikuwa katika hali gani ya mwili na ya moyo? Mungu alimpa nini kwanza, kabla ya kumpa kazi?

Nabii alikuwa ametoka Karmeli, amekimbia mbele ya gari la Ahabu, kisha amekimbia tena kuiokoa nafsi yake. Alichoka hata akaomba kufa. Malaika hakumkemea wala hakumpa kitu cha kumkesesha. Alimwacha alale. Alimwamsha akamlisha mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Ndipo ikaja safari ya siku arobaini. Dawa ya Mungu kwa uchovu ni usingizi, chakula na maji.

Uchovu ni ujumbe wa kweli kutoka mwilini. Kichangamshi hakiuondoi uchovu, kinauziba mdomo. Moyo unapiga mbio, shinikizo la damu linapanda, njaa na usingizi vinakimbia, na mtu anajiona simba. Lakini hakuna hata chembe moja ya chakula iliyoingia. Wengi wetu tunaifahamu mikopo ya kausha damu. Fedha inaingia mkononi mara moja bila maswali, na wiki inayofuata mkopeshaji yuko mlangoni. Mtu anakopa tena ili alipe deni la kwanza. Ndivyo ilivyo kwa mtafunaji. Handasi inapokwisha, anabaki na uchovu wa jana, uchovu wa leo, na majonzi juu yake. Anatafuna tena ili arudi pale alipokuwa kabla hajaanza.

Mataifa nayo yamekopa hivyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari na wafanyakazi wa viwandani huko Japani walitumia methamfetamini ili wasilale. Vita vilipokwisha mwaka 1945, vidonge hivyo vilisambaa kwa wananchi waliochoka na wenye njaa. Uraibu ukaenea hata serikali ikalazimika kutunga sheria ya kudhibiti vichangamshi mwaka 1951.

Wasomi nao hawakusalimika. Mwaka 1884 daktari kijana wa Vienna, Sigmund Freud, aliandika makala ya kuisifu kokeini. Alimpa rafiki yake Ernst von Fleischl-Marxow, aliyekuwa mtumwa wa mofini, akitumaini kwamba kokeini ingemponya. Rafiki huyo akawa mraibu wa kokeini pia, na akafa mwaka 1891. Soma Mithali 14:12. Freud hakukosa akili wala hakukosa nia njema kwa rafiki yake. Njia ilionekana kuwa njema machoni pake.

Unapochoka, unakimbilia nini kwanza? Je, kuna mzigo ambao Mungu hakukupa, unaokulazimu kutafuta nguvu za mkopo ili uubebe?

JUMANNE
Deni Linapodaiwa

Soma Ayubu 13:7. Ayubu anawauliza rafiki zake swali gani? Linatuonyaje tunapofundisha juu ya afya?

Kuna wakati sisi Wakristo, kwa bidii ya kuwaokoa vijana, tunatia chumvi. Tunamwambia kijana kwamba jani moja la mirungi litamtia wazimu. Anamwona jirani yake akitafuna miaka kumi na bado anafanya biashara, basi anaacha kutuamini katika mengine yote. Mungu hahitaji tumtetee kwa uongo. Kweli inatosha, nayo ni nzito.

Kweli ni hii. Kikombe cha chai hakilingani na kokeini, na mirungi hailingani na methamfetamini. Madhara hutegemea aina ya kichangamshi, kiasi, muda wa matumizi, umri wa mtu na hali yake. Tena ziko dawa za jamii hii ambazo daktari humwandikia mgonjwa kwa kipimo na uangalizi. Mwenye kuandikiwa dawa ya namna hiyo asiiache bila kuzungumza na daktari wake. Tunayojifunza hapa yanahusu matumizi ya kulewea na ya kukeshea.

Kwanza, ubongo uliozoea mafuriko hujilinda kwa kupunguza vipokezi vya dopamini. Hapo furaha ndogo za kila siku hazisikiki tena. Chakula hakina ladha, watoto wanachosha, sala inakuwa kavu. Mtu hajawa mwovu ghafla. Masikio ya furaha yake yamezibwa.

Pili, sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, hudhoofika. Hapo ndipo tunapopima mambo, tunapojizuia na tunaposhika ahadi. Ndiyo maana mraibu anaweza kuapa asubuhi kwa machozi ya kweli, na jioni akarudi kijiweni. Breki zenyewe ndizo zilizolika.

Tatu, kukesha na kemikali hizo vinaweza kuzaa shuku na kusikia sauti zisizokuwapo. Kijana wetu hakumsingizia mama yake kwa chuki. Ubongo wake ulimwambia kuna sumu, naye hakuwa na chombo kingine cha kuhakikishia.

Nne, mishipa ya damu hubana na shinikizo hupanda ghafla. Kokeini na methamfetamini zinaweza kuleta kiharusi au mshtuko wa moyo hata kwa mtu mwenye umri mdogo.

Soma Warumi 12:1, 2. Paulo anataja mwili kwanza, kisha nia, kisha kuyajua mapenzi ya Mungu. Tazama mpangilio huo. Chombo cha kumsikilizia Mungu kinakaa ndani ya mwili, na kinachoudhuru mwili hukifikia chombo hicho.

Je, umewahi kumhukumu mtu kwa tabia ambayo huenda ilikuwa dalili ya ubongo unaoumwa? Ungemwambia nini leo?

JUMATANO
Azimio Kabla ya Meza

Soma Danieli 1:8–20. Danieli aliazimu lini, kabla au baada ya chakula kuwekwa mbele yake? Alimwendeaje mkuu wa matowashi? Ni nani waliokuwa pamoja naye?

Danieli alikuwa kijana, mbali na nyumbani, chini ya watu wenye mamlaka juu ya maisha yake. Hali hiyo haitofautiani sana na ya utingo wa lori, mwanafunzi wa bweni au binti aliyepelekwa mjini kufanya kazi. Kinga yake ilikuwa na sehemu tatu.

Aliazimu mapema. Sehemu ile ya mbele ya ubongo huendelea kukomaa mpaka mtu afikapo miaka ya katikati ya ishirini. Kwa hiyo kijana hupata hamu kubwa kabla ya kupata breki kamili, na kichangamshi kinachoingia katika umri huo hukuta nyumba ambayo bado inajengwa. Wazazi, zungumzeni na watoto wenu kabla kijiwe hakijazungumza nao. Wapeni maneno ya kusema siku watakapopewa. Kijana aliyekwisha kujizoeza kusema, “Asante kaka, mimi situmii,” hatafuti maneno usiku wa manane.

Alitoa njia mbadala. Hakukataa tu, alipendekeza mtama na maji kwa siku kumi. Dereva aliyechoka hasaidiwi na hubiri peke yake. Anasaidiwa na dereva wa pili wa kupokezana naye, na mahali salama pa kuegesha gari alale. Wako washiriki wetu wenye malori, mabasi, viwanda na ulinzi. Ndugu yangu tajiri, ratiba unayompa kijana wako inawezekana kwa mtu anayelala? Ikiwa haiwezekani, basi umemtuma kwa muuza mirungi kwa kalamu yako. Hali kadhalika mwalimu na mzazi wanaomsifu mwanafunzi kwa kukesha siku nyingi kabla ya mtihani. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kila duka vimekuwa wenzi wa daftari. Navyo pia hukopesha.

Hakusimama peke yake. Walikuwa wanne. Kijana anayesafiri anahitaji watu wa kumpigia simu Jumatano usiku, si kumwuliza tu Sabato kwa nini hakuonekana.

Nasi tuna kinga nyingine tunayoitangaza kila juma na kuisahau. Siku kamili ya kwanza katika maisha ya Adamu ilikuwa Sabato. Alianza kwa pumziko kabla ya kulima hata tuta moja. Kila Sabato inatuambia kwamba dunia haishikiliwi na kukesha kwetu.

Taja badiliko moja ambalo nyumba yako, biashara yako au kundi lako linaweza kufanya juma hili ili mtu apate kulala.

ALHAMISI
Ameketi, Amevaa, Ana Akili Timamu

Soma Marko 5:1–20. Watu wa mji walimkutaje yule aliyekuwa akikaa makaburini? Kwa nini basi walimwomba Yesu aondoke?

Kila mraibu si mwenye pepo, na ni vibaya kumwita hivyo. Lakini kisa hiki kinatuonyesha Yesu anavyomtendea mtu aliyepoteza utawala wa akili yake. Alivuka bahari na dhoruba kwa ajili ya mtu mmoja. Alimwuliza jina lake. Alipomaliza, mtu yule alikuwa na nguo, utulivu na akili zake, na akarudishwa kwa watu wa nyumbani kwake.

Sayansi nayo inatupa tumaini. Uchunguzi wa picha za ubongo wa watu walioacha methamfetamini umeonyesha kwamba baadhi ya vyombo vya kukusanya dopamini vilivyopungua hurudi, baada ya kukaa mwaka mmoja na zaidi bila kutumia. Si kila kitu hurudi kwa kiwango kile kile, wala hakirudi kwa mwezi mmoja. Kumbukeni hesabu hiyo mnapomvumilia mtu: mwaka na zaidi. Kwa uraibu wa heroini kuna methadoni. Kwa vichangamshi hakuna dawa ya namna hiyo iliyothibitishwa. Kinachosaidia zaidi ni ushauri nasaha wa mara kwa mara, kutambua na kukwepa vichocheo vya hamu, kutiwa moyo kwa kila hatua ndogo, na watu wasiochoka. Kanisa likitaka, vingi katika hivyo linavyo. Siku za kwanza za kuacha huja na usingizi mwingi na huzuni nzito. Mtu akianza kusema juu ya kujiua, au akiona na kusikia yasiyokuwapo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Maombi yaende pamoja naye garini.

Sasa rudi kwenye nguruwe. Watu walimwona mtu amepona, wakahesabu hasara. Jambo hili linatugusa Waadventista wa Tanzania kwa namna ya pekee. Ujumbe wetu uliingia nchini mwaka 1903, huko Giti katika milima ya Upare. Katika milima hiyo hiyo ya wilaya ya Same, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imeteketeza mashamba ya mirungi. Kenya ni zao halali, kwetu ni kosa la jinai, na Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014. Ubongo hauulizi mtafunaji yuko upande gani wa mpaka. Lakini shamba lile limelipa ada za shule na limeezeka nyumba. Soma Habakuki 2:15. Onyo ni kwa yule anayempa jirani yake kileo. Hata hivyo, tusimwambie mkulima ang'oe kisha tukamwacha na shamba tupu. Kanisa linalohubiri ng'oa, lifundishe pia panda: tangawizi, maharage, parachichi, ufugaji wa nyuki.

Je, kuna nguruwe wako ambao kuponywa kwa jirani kungekugharimu? Uko tayari kulipa?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Katika kitabu Huduma ya Uponyaji, kilichotolewa mwaka 1905, Ellen White aliandika sura nzima juu ya vichangamshi na vilevi. Isomeni sura hiyo katika kundi lenu. Ni miaka mingi kabla ya picha za ubongo, lakini alikwisha kuonya kwamba msisimko wa leo hulipwa kwa udhaifu wa kesho.

Mwaka uliofuata baada ya kura ile, nilikwenda nyumbani kwa kijana wetu. Nilichelewa, nakiri. Mama yake alinikaribisha kwa heshima nisiyostahili. Nilimwuliza kijana swali ambalo ningepaswa kumwuliza miaka mitatu kabla: “Mwanangu, unalala?” Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, “Mzee, tangu niondoke nyumbani hakuna aliyeniuliza hilo.” Tukampeleka hospitali, na baadaye akakaa katika nyumba ya upataji nafuu. Amerudi kutafuna mara mbili, na mara mbili ameacha tena. Leo anafanya kazi ya mchana kwenye karakana. Bado hajabatizwa upya. Kila Sabato huketi kiti cha nyuma, karibu na mlango, na mama yake huketi pembeni yake. Chakula anachopika mama, anakila.

Maswali ya Kujadili

1. Katika kundi lenu, ni nani wanaofanya kazi za usiku au za safari? Wanapataje usingizi? Kundi linaweza kuwasaidiaje kwa vitendo?

2. Nidhamu ya kanisa ina mahali pake katika Maandiko. Tunawezaje kuitekeleza kwa namna inayomrudisha mraibu badala ya kumsukuma mbali? Ni nani atakayemtembelea juma linalofuata kura?

3. Mshiriki anasema, “Mimi sitafuni mirungi, nakunywa tu vinywaji vya kuongeza nguvu kila siku ili nifanye kazi ya Bwana.” Kwa kutumia kisa cha Eliya, mngemjibuje kwa upole?

4. Mkulima mwaminifu wa zaka anategemea mirungi kusomesha watoto. Zungumzeni juu ya Marko 5:16, 17 na Habakuki 2:15. Kanisa lina wajibu gani kwake kabla na baada ya kung'oa?

5. Andikeni jina la mtu mmoja aliyetoka katikati yenu kwa sababu ya vichangamshi. Ombeni kwa ajili yake sasa, na mpange ni nani atakayekwenda kwake kabla ya Sabato ijayo.